Vipimo vya joto la bahari visiishe pamoja na mradi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie utafiti wa bahari, hasa jambo moja linalowagusa wakulima wa mwani wa pwani ya mashariki ya Unguja kila msimu wa kaskazi, wakati wa joto, nalo ni kukosekana kwa vipimo vya kudumu vya joto katika maji ya kina kifupi wanamolima.

Kilimo hiki chenyewe ni zao la utafiti. Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliuchunguza mwani wa pwani yetu tangu miaka ya 1970, na mwaka 1989 kilimo cha biashara kikaanza Paje na Jambiani kwa mbegu zilizotoka Ufilipino. Aina zilikuwa mbili: spinosamu, yenye bei ya chini, na kotonii, ambayo wanunuzi huilipia zaidi kwa sababu karajinani yake, yaani ute wa kugandishia vyakula na bidhaa nyingine, huganda vizuri. Waliofunga mwani kwenye kamba wengi walikuwa wanawake, mke wangu akiwa mmojawapo, na fedha hizo zilisomesha watoto ambao baadhi yao niliwafundisha mimi mwenyewe somo la jiografia.

Tangu miaka ya mwanzo ya 2000, hata hivyo, kotonii imekuwa ikifa. Ncha hugeuka nyeupe, matawi hulainika na kukatika, na mkulima akifika shambani hukuta kamba tupu. Watafiti wa Taasisi ya Sayansi za Bahari iliyopo Zanzibar, akiwamo Dk. Flower Msuya, wameeleza kwa miaka mingi kwamba joto likizidi, au chumvi ya maji ikibadilika ghafla, mmea hudhoofika, na hapo maradhi na mimea midogo inayojishikiza juu yake hupata nafasi.

Sasa tazama bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kuliko kawaida, linavyokwenda kwetu. Maji hupwa kabla ya adhuhuri, na yale yanayobaki ndani ya mwamba, yenye kina cha magoti au pungufu, hupigwa na jua kali kwa saa kadhaa kabla ya maji kujaa tena. Setilaiti hupima joto la juu ya bahari na kulitolea wastani wa eneo pana, kwa hiyo joto linaloua mwani katika vidimbwi hivyo linaweza lisionekane kabisa katika ramani zake. Kipimo chake kinapatikana kwa kifaa kilichofungwa palepale, pembeni ya kamba, na kuachwa hapo mwaka baada ya mwaka.

Vifaa vya namna hiyo nimeviona. Kimoja kilifungwa karibu na mashamba ya kijijini kwetu, kikasomwa kwa muda, kisha mradi ukaisha na kifaa kikaondoka na wenyewe. Siwalaumu watafiti, kwa kuwa fedha za wafadhili huja na tarehe ya mwisho. Lakini kaskazi haina tarehe ya mwisho, na mtu hawezi kulinganisha mwaka wa joto kali kama 2016, matumbawe yalipopauka, na miaka iliyoufuata ikiwa katikati pana pengo.

Jambo hili lina uzito zaidi wakati huu ambapo wakulima wanahimizwa kuhamia maji ya kina kirefu, kwa nyavu za mrija, ambazo mwani hukua ndani yake, na boti. Ushauri huo ni mzuri, ingawa wanawake wengi waliozoea kwenda shambani kwa miguu hawajui kuogelea, na mafunzo ya kuogelea hayana budi kutangulia boti. Swali linalobaki ni kina gani kinatosha, na katika kijiji kipi. Bila vipimo vya miaka mfululizo, kila kikundi kitabahatisha kwa mbegu zake chenyewe.

Tangu 2020 tunayo Wizara ya Uchumi wa Buluu na Uvuvi. Ninaiomba itenge katika bajeti yake fungu dogo lisilotegemea mfadhili, la kufunga na kutunza vipimajoto katika vijiji vinavyolima mwani, chini ya usimamizi wa Taasisi. Usomaji wake wanaweza kuufanya wanafunzi wa sekondari wakiongozwa na walimu wao, na matokeo ya kila mwezi yabandikwe kwa Kiswahili katika ofisi ya sheha, kabla ya bamvua linalofuata.

Mwalimu mstaafu,
Jambiani, Unguja