Barua kwa mwanangu aliye Molo: usinyeshee jioni

Mwanangu, habari za huko kwa baridi. Tangu uniambie jana kwa simu miche ya maua ya pansi imelala yote, shina limekuwa jembamba pale linapogusa mchanga, sijapata usingizi. Hilo si jua wala si mdudu, hayo ni maji. Unanyeshea ukitoka kazini, saa 12 jioni, baridi ya Molo ishashuka, sasa hayo maji yataenda wapi usiku? Yanakaa tu hapo na shina linaoza. Nyeshea asubuhi, mama, tena kwa mchanga, si juu ya majani.

Trei zilizokufa mwaga na mchanga wake wote na uzioshe. Ukipanda tena funika mbegu kidogo tu, weka gazeti juu maana pansi hupenda giza ikimea, na kuanzia kama siku ya 10 uwe unachungulia kila siku, ukiona ya kwanza imetoka toa gazeti hapo hapo. Hapa Nakuru joto likipanda mbegu hata hazitoki, ndio maana nilifurahi ukizipeleka huko juu, ni vile siku hiyo sikukuambia, niliongea tu mambo ya kazi ya kuajiriwa.

Na ile samadi niliyokufungia kwa gunia usiitumie kwa miche. Ilikuwa bado na moto nikiifunga, nikasema itaivia huko. Iache kwa kona miezi kadhaa.

Picha ya ile pansi ya zambarau yenye jicho la njano nimeonyesha wamama wote wa chama, wakauliza ni nani amepanda. Lakini niliona ua limenyauka na bado liko. Lichume na kikonyo chake, likishaanza kufanya mbegu mmea unapunguza maua, na hii nilikufundisha ukiwa darasa la 5, sasa kwa nini unaniuliza mbona hayatoki mengine?

Baba yako goti limetulia kidogo. Gesi iliisha Jumapili tukapika kwa jiko. Ile blanketi ya kijani nimeifua, itakuja na matatu Ijumaa, na wewe ukishuka ubebe yale magaloni matupu, na usiniambie umesahau tena.

Kesho nitakupigia saa 1 asubuhi kabla hujaenda kazini. Nataka nisikie ukinyeshea.

Mama yako