Msimu wa 1951 haukupotea

Ndugu Mhariri,

Mwandishi wenu wa michezo alisema Jumatatu kwamba msimu usio na kombe ni msimu uliopotea. Nimefundisha michezo shule za msingi miaka 31, na kwa hilo naomba nimpinge.

Mwaka juzi nilikwenda San Francisco kumwona binti yangu aliyejifungua. Kazi yangu ilikuwa kusukuma kigari cha mjukuu, nami nilikuwa nakisukuma mpaka uwanja wa Kezar, kando ya bustani ya Golden Gate. Hapo ndipo mzee mmoja mwenye fimbo aliponisimulia habari za timu ya Chuo Kikuu cha San Francisco, chuo kidogo cha Wajesuiti.

Si kandanda yetu. Ni ule mpira wa Kimarekani wenye umbo la yai, ambao mimi hadi leo haunipandi. Wanacheza kidogo, wanasimama kuteta. Lakini mwaka 1951 vijana wale walicheza mechi tisa wakashinda zote tisa. Mmoja wao, Gino Marchetti, alikuwa amepigana Ulaya katika Vita Kuu ya Pili. Mkimbiaji wao Ollie Matson alikata yadi 1,566 akikimbia na mpira msimu ule, hakuna mwanachuo aliyemfikia nchi nzima. Kule New York walipowafunga Chuo Kikuu cha Fordham 32 kwa 26, mara mbili aliudaka mpira wa kuanzia akakimbia nao uwanja mzima hadi kufunga.

Timu bora hualikwa kwenye mechi kubwa za Mwaka Mpya. Wachezaji wenyewe wamesimulia kwamba ujumbe ulikuja kutoka majimbo ya Kusini, kulikokuwa na ubaguzi wa rangi: njooni, ila Matson na Burl Toler wabaki. Hao wawili walikuwa weusi. Timu ikakataa. Hawakupiga hata kura.

Hapa ndipo wasimulizi wengi huishia, wakapiga makofi. Mimi naangalia deni. Mpira ulikuwa unakitia chuo hasara, na fedha za mechi ile zilitegemewa. Msimu ulipokwisha, chuo kikaivunja timu. Kwa hiyo vijana wale hawakupoteza safari tu. Walirudi wakakuta hakuna timu. Kocha Joe Kuharich naye ikambidi atafute kazi kwingine.

Matson alikwenda Olimpiki ya Helsinki mwaka 1952, akaleta shaba ya mita 400 na fedha ya kupokezana vijiti. Toler aliumia goti kabla hajaanza kucheza ligi ya kulipwa. Akawa mwalimu, kisha mwalimu mkuu (hili lilinifurahisha kuliko medali), na mwaka 1965 akawa mwamuzi wa kwanza mweusi katika ligi kuu ya mpira huo. Matson, Marchetti na Bob St. Clair, wote wa kikosi kile kimoja, majina yao yamo katika jumba la mashujaa wa mchezo.

Sasa niseme langu, maana sikuandika barua hii kwa sababu ya Wamarekani tu. Mwaka 1991 niliongoza timu kwenda mashindano ya mkoa. Winga wetu wa kushoto alikuwa na kifafa. Msimamizi wa msafara akasema hataki mgonjwa kwenye gari lake, tumwache. Wachezaji wenzake walinitazama mimi. Nikasema haya, pandeni twende. Mtoto akabaki stendi na mfuko wake wa rambo, jezi imo ndani, imepigwa pasi.

Kombe tulilipata. Mpaka leo liko juu ya kabati la ofisi, mkono mmoja umeng'oka. Yule kijana sasa ni fundi baiskeli pale sokoni. Nikipita huacha spana akasimama, "Shikamoo, mwalimu." Nami huitikia nikiwa natazama baiskeli.

Mwalimu mstaafu,
Korogwe, Tanga