Barua kwa Mwalimu wa Kwaya

Temeke, Dar es Salaam

Mpendwa Mwalimu,

Pokea salamu zangu. Huku nyumbani sote tu wazima. Nakuandikia kukiri kwamba nimeanza kusoma nadharia ya muziki, ile ile niliyokuwa nikiitoroka kila ulipotukalisha mbele ya ubao wa noti, na kilichonirudisha darasani ni aibu.

Mwezi uliopita nilipiga muziki kwenye harusi nikiwa DJ. Nilikuwa na nyimbo mbili ambazo programu yangu ilizipa alama ya 8A, maana yake zote ni za ufunguo wa A maina, yaani zimejengwa juu ya skeli moja ya noti saba inayoanzia A, nami kwa miaka nimeamini kwamba alama zikifanana nyimbo hazigombani. Wa kwanza ulikuwa na mapigo 100 kwa dakika na wa pili 106, kwa hiyo nikaongeza kasi ya ule wa kwanza. Ngoma zilikwenda sawa kama wawili watwangao kinu kimoja, lakini kinanda cha wimbo mmoja na mwimbaji wa mwingine vilizozana hata bibi harusi akageuka kunitazama.

Nilikuwa nimesahau kuwasha kitufe cha kushikilia ufunguo, kile kinachozuia noti zisipande wala kushuka kasi inapobadilishwa. Pasipo kitufe hicho, kasi ikiongezwa kwa asilimia 6 kila noti hupanda karibu nusu toni, kwa sababu oktavu ni mtetemo ulioongezeka maradufu, na nusu toni 12 hugawana safari hiyo kwa uwiano ulio sawa, kila moja ikiongeza takriban asilimia 5.95. A maina yangu ikawa B flati maina, na katika noti saba za kila skeli, zinazofanana ni C na F tu.

Hapo ndipo nilipokukumbuka. Alama zile nilizozichukulia kama namba za daladala ni mzunguko wako wa noti za tano, ambamo kila hatua huhamia noti ya tano ya skeli: kutoka 8A kwenda 9A, yaani kutoka A maina kwenda E maina, so ya zamani inakuwa do mpya, fa inapandishwa nusu toni ili iwe ti, na noti sita zilizobaki hazijongei. Maina huanzia la, kama ulivyotuimbisha. Ulinifundisha kazi yangu kabla sijanunua hata spika moja, Mwalimu, nami nilikuwa nyuma ya besi nikisinzia.

Hata hivyo, mzunguko huo una mipaka yake. Juzi nilijaribu kuweka kodi za piano, yaani noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, chini ya udi wa taarabu uliopigwa katika maqamu ya Rast, skeli ya Kiarabu, kuanzia C, ambayo noti yake ya tatu hukaa kati ya E na E flati, mahali ambapo kinanda changu hakina kitufe. Programu iliuita wimbo huo C meja bila haya yoyote. Nilihangaika usiku kucha, nikishusha na kupandisha, mpaka nikaiondoa noti ya tatu katika kila kodi na kuacha do na so peke yake. Udi ukapata nafasi ya kupumua.

Bado kodi zilizogeuzwa, zile ambazo noti yake ya kwanza haikai chini kabisa, zinanitatiza. Kama lile daftari lako la mazoezi ya sauti nne bado lipo, naomba unitumie kwa basi, nami nitalirudisha likiwa limejaa majibu.

Rafiki yako, besi wa mstari wa nyuma