Baridi ya Kundelungu si ya mjini, na mbabula ya mkaa isiingie ndani ya hema

Bwana Mhariri,

Jambo yenu wote hapo kwenye gazeti. Nimesoma ile habari yenu inayosema kipwa, ile miezi isiyo na mvua, ndio wakati mzuri wa kupanda hifadhi ya Kundelungu na gari, mkaweka na picha ya maporomoko ya Lofoi maji yamejaa, majani mabichi kila upande. Habari ilikuwa tamu, sikatai, kazi yangu ni kuendesha watu na habari kama ile inaniletea wateja. Lakini kuna vitu mmeviruka na kimoja kinaua, ndio maana naandika mapema kabla ya wikendi ya 30 Juni, sikukuu ya uhuru, maana siku hizo kila mwenye jipe au mwenye rafiki wa jipe anataka kutoka Lubumbashi.

Kwa upande wa barabara mmesema kweli. Wakati wa mvua usijaribu, ukiacha tu barabara ya Kasenga ukashika njia ya udongo ya kwenda Katwe kwa walinzi matope inakumeza, na kupandisha kule juu na gari iliyobeba watu na mizigo ni vita. Kuanzia mwezi wa tano njia inakauka, wa sita na wa saba unapita bila shida, unakula vumbi tu.

Ila picha yenu si ya kipwa hiyo. Aliyefika pale anaona mara moja, maji mengi vile ni ya mwezi wa pili, wa tatu hivi. Lofoi inaanguka zaidi ya mita 300 kwa mruko mmoja, na kwenye kipwa mto unapungua sana, maji yanatoka juu kama uzi, upepo unayatawanya, mengi yanageuka ukungu kabla hayajafika chini. Mimi napenda hata hivyo, unaona ule ukuta wa jiwe wote wazi. Lakini mteja aliyetoka nyumbani na picha yenu kwenye simu anafika, anaangalia, ananigeukia: «Papa, maporomoko iko wapi?» Nimjibu nini?

Sasa tuje kwenye baridi, hapo ndipo mmesema mstari mmoja tu, eti «watu wabebe sweta». Bwana Mhariri, sweta! Sisi wote tunajua baridi ya Lubumbashi, mji wenyewe uko kwenye mita 1,200 hivi, mwezi wa sita na wa saba usiku inashuka chini ya digri 10 na asubuhi watoto wanatoka na bonet mpaka kwenye macho. Mtu anafikiri kwa vile amezoea hiyo basi anajua baridi. Kundelungu juu ni uwanda wa nyasi, unafika karibu mita 1,700, hakuna nyumba, hakuna miti mingi ya kukata upepo, na mbingu ya kipwa haina wingu hata moja, kwa hiyo joto lote la mchana linapanda juu na kupotea. Jua linazama kabla ya saa kumi na mbili jioni, na ukiwa bado unafunga hema unasikia vidole vinaanza kukataa kamba. Mchana ulikuwa na shati tu! Hiyo ndiyo inadanganya watu, wanafika saa nane jua linachoma, wanasema aah, hii baridi mnayosema iko wapi.

Na wengi wanachagua mahali pabaya pa kulala. Wanaona dembo, lile bonde pana la nyasi na maji, pale chini pako sawa, nyasi laini, maji karibu, gari inaingia vizuri, wanasema tutalala hapa, juu kule kuna upepo. Ni kinyume chake. Hewa ya baridi ni nzito, usiku inateremka polepole kutoka kwenye miinuko na kujikusanya kwenye dembo kama maji kwenye beseni, alfajiri unakuta nyasi za pale chini zimekuwa nyeupe, ukizikanyaga zinalia chini ya kiatu, wakati kule kwenye mteremko hakuna kitu. Panda kidogo, hata urefu wa nyumba tatu nne tu, tafuta pembeni ya miti, ugeuzie mgongo wa gari kwenye upepo. Waulizeni walinzi, wao wanaishi pale.

Basi usiku ukiingia hivyo, watu wa kwetu wanafanya nini? Wanachukua mbabula, lile jiko la makala, yaani mkaa. Wamepikia bukari (ugali) na samaki, makala bado nyekundu, moshi hakuna tena, mama anasema tuingize ndani watoto wapate joto. Nimeona hema moja, familia nzuri tu ya hapa mjini, zipu imefungwa mpaka chini, mbabula katikati, watoto wamelala kuizunguka. Kijana wao mkubwa akatoka nje anayumba, akatapika karibu na gurudumu la gari yangu, anashika kichwa, baba yake anasema ni ule samaki. Mlinzi mmoja aliyekuwa anaota moto na sisi hakuuliza kitu, alisimama, akafungua zipu, akatoa mbabula na mikono imefungwa kwenye koti lake, halafu akawatoa watoto mmoja mmoja wakiwa wanalalamika usingizi. Mdogo wa mwisho alichelewa kuamka mpaka mama akaanza kupiga kelele. Aliamka, Mungu ni mkubwa. Samaki ile mimi pia niliila, na tumbo langu halikusema kitu.

Hapo ndipo nataka muandike kwa herufi kubwa. Watu wanaogopa moshi, moshi ukiisha wanasema sasa iko salama. Lakini makala iliyokolea, nyekundu bila moshi, ndiyo inatoa ile gesi, monoksidi ya kaboni, haina harufu, haina rangi, haikoholeshi. Inaingia kwenye damu na kukaa mahali pa oksijeni. Kwanza kichwa kinauma, unasikia kizunguzungu, kichefuchefu, miguu inalegea, halafu usingizi mtamu sana, na aliyelala hasikii lolote. Kuacha tundu kidogo kwenye zipu haitoshi. Kulala ndani ya gari vioo vimefungwa na motere inazunguka ili chofaji ya kupasha joto ifanye kazi, ni ndugu ya jambo lile lile. Na ukiona mwenzako kichwa kinamuuma ndani ya hema lenye mbabula usimpe kidonge, mtoe nje kwanza kwenye hewa, wote mtoke, halafu tafuteni msaada hata kama anasema yuko sawa.

Joto la usiku linatafutwa kwa njia nyingine. Blanketi nyingi ziende chini kuliko juu, ardhi ndiyo inakunyonya, hata makatoni ya soko chini ya godoro yanasaidia sana. Chemsha maji, tia kwenye chupa ngumu inayofunga vizuri, ivalishe soksi, iweke miguuni. Badilisha nguo ulizotokea jasho mchana, hii watu wanadharau lakini jasho likipoa usiku unatetemeka mpaka asubuhi. Kula vizuri kabla ya kulala. Na wale wa pombe kali «ya kupasha mwili», inakupasha ngozi tu, joto la ndani ndilo linatoka, lakini najua hapo hamtanisikiliza.

Moto wa kuni nje ni sawa, pale walinzi wanapokuonyesha, na uuzime na maji kabisa, si kufunika na udongo kidogo na kuondoka. Nyasi za mwezi wa saba zinangoja cheche tu. Kuna msomaji wenu alilalamika eti walinzi wenyewe wanachoma pori mwezi wa tano. Kaka, wanachoma mapema nyasi zikiwa bado na maji kidogo, moto unapita chini bila nguvu, ili ule wa mwezi wa tisa ukija usikute chakula na kuua miti. Mtu na moto wake wa kuota baridi hana hesabu hiyo.

Hifadhi hii iko tangu mwaka 1970 na watu wengi wa Lubumbashi hawajawahi kuikanyaga, kwa hiyo endeleeni kuiandika. Ninaomba tu mbili. Chini ya picha ya Lofoi wekeni mwezi iliyopigwa. Na kwenye gazeti la wiki hii au linalofuata, kabla watu hawajafunga mizigo, tieni kisanduku kidogo kuhusu mbabula ndani ya hema na ndani ya gari, pale kwenye ukurasa wa mpira, maana huo ndio kila mtu anaufungua kwanza.

Msomaji wenu, dereva,
Katuba, Lubumbashi