Ahsante, kaka wa Wete

Kaka uliyenigawia intaneti ya simu yako pale Wete umeme ulipokatika, sikuwahi kukuuliza jina. Mtihani wangu wa elimu masafa ulikuwa unakaribia kufungwa. Hukucheka uliposikia nasomea tabia za mbwa. Wengi hapa Pemba hushangaa, wengine husogea mbali nami kidogo. Wewe uliuliza tu: "Kwani mbwa naye ana elimu yake?" Nikakueleza kuwa kitoto cha mbwa huzoea watu hasa kati ya wiki ya 3 na ya 14, na kwamba kuchanja asilimia 70 ya mbwa huzuia kichaa cha mbwa kuenea. Ukasema wa shambani kwenu hajachanjwa. Mtihani nimefaulu. Mola akulipe kheri, na huyo mbwa mchanjeni, tafadhali.