Mchezo unafunguka vizuri, kosa halionekani, ila hakuna anayeshinda

Shule zikifunga, meza yetu ya ufundi hapa Mtwara mjini hupata wageni wa aina nyingine. Mbali na laptopu zilizomwagiwa chai na chaja zilizoungua umeme uliporudi ghafla, wanakuja vijana waliojifunza wenyewe Python, lugha ya kuandikia programu, kwa video na vijitabu vya kurithishana kwenye fleshi. Lalamiko ni lilelile: "Kaka, mashine imeharibika. Mchezo wangu unafunguka, lakini unafanya mambo ya ajabu." Wengine wanaomba kabisa tuwapigie windo (Windows) upya.

Tuseme mapema ili usipoteze hela: windo haihusiki. Kuna makosa ya uandishi, kwa mfano kusahau nukta pacha mwisho wa mstari wa if, ambayo Python huyakataa papo hapo na kukutajia mpaka namba ya mstari. Hayo ni rahisi. Yanayokesha na watu ni makosa ya kimantiki: kila mstari ni halali, programu inakwenda mpaka mwisho, ila inachofanya sicho ulichokusudia. Kompyuta haina namna ya kujua ulikusudia nini, kwa hiyo inakaa kimya.

Tuchukue mchezo ulioletwa na mwanafunzi mmoja wa sekondari. Wazo lake lilitufurahisha: kompyuta inachagua uzito wa gunia la korosho, kuanzia kilo 70 hadi 90, na mchezaji anakisia huku akiambiwa aongeze au apunguze. Moyo wa mchezo ulikuwa huu:

    nafasi = 6
    while nafasi > 0:
        siri = random.randint(70, 90)
        kisio = int(input("Gunia lina kilo ngapi? "))

Ukicheza, unaandika 80, unaambiwa ongeza. Unaandika 84, punguza. Unaandika 82, punguza. Basi lazima iwe 81! Unaandika 81, unaambiwa ongeza. Hapo mchezaji ana haki ya kugoma kama mkulima aliyepimiwa kwa mizani iliyochezewa.

Dawa ya kwanza tuliyompa ni mstari mmoja tu, print(siri), chini ya ule unaochagua siri. Akacheza upya. Skrini ikatoa 88, kisha 71, kisha 79. Hakuhitaji kuelezwa zaidi. Gunia lilikuwa linabadilishwa kila anapokisia, maana mstari wa kulichagua umekaa ndani ya while, na kila kilichomo ndani ya while hurudiwa kila mzunguko. Akaupandisha juu ya while, akaurudisha pembeni kabisa mwa ukurasa, mchezo ukatulia. Sisi hatukugusa kibodi, na ndivyo tunavyopenda kazi hii iende.

Kosa jingine tunalokutana nalo sana lina historia yake. Kijana anaandika kisio = input("Kilo ngapi? ") bila int, ile inayogeuza maandishi kuwa namba, halafu analinganisha: if kisio == siri. Hakuna anayeshinda, hata akipatia. Sababu ni kwamba katika Python 3, input hurudisha maandishi siku zote. Maandishi "80" na namba 80 kwake ni vitu viwili tofauti, na alama ya == inajibu "si sawa" bila kulalamika. Ungetumia alama ya > ingegoma waziwazi, na ungejua pa kuanzia. Masomo mengi ya zamani yaliandikwa kwa Python 2, ambako input iliweza kukupa namba moja kwa moja. Python 2 iliacha kuhudumiwa rasmi Januari 1, 2020, lakini vijitabu vyake bado vinazunguka. Kijana anaongeza mabano kwenye print kwa sababu Python 3 inamlazimisha, ila input anaiacha ilivyo, kwa kuwa hakuna kinachomshtua.

La tatu ni la kumalizia mchezo. Unamuuliza mchezaji kama anaendelea, na kwa kuwa wengine huandika ndiyo na wengine ndio, unaweka hivi:

    if jibu == "ndiyo" or "ndio":

Sasa mchezo hautoki, hata mtu aandike hapana. Upande wa kulia wa or umesimama peke yake, na kwa Python maandishi yoyote yasiyo matupu huhesabiwa kuwa kweli. Andika ulinganisho wote mara mbili, jibu == "ndiyo" or jibu == "ndio". Ukiwa umeshanaswa, Ctrl na C zitakutoa.

Kabla ya kuja kwetu, jaribu haya nyumbani. Weka print ya kila kigeu kinachobadilika, yaani majina yanayobeba thamani kama nafasi na siri. Chukua karatasi, jifanye wewe ndiye kompyuta, pita mstari kwa mstari ukiandika nafasi ni ngapi na siri ni ngapi. Inachosha, lakini makosa mengi huishia hapo. Pia jaribu namba za mipakani: 70, 90, halafu 69 na 91. Anayetumia randrange(70, 90) badala ya randint hatapata 90 hata acheze mpaka alfajiri, kwa sababu randrange huishia 89. Tafadhali usifute yote ukaanza upya. Mara nyingi utaliandika kosa lilelile kwa mkono ule ule.

Ukikwama, lete faili lenyewe kwenye fleshi au litume kwa barua pepe. Walioko Newala, Masasi au ng'ambo ya mto Lukuledi kule Lindi hawana haja ya kulipa nauli. Picha ya skrini iliyopigwa kwa simu haitusaidii sana: nafasi zinazoachwa mwanzoni mwa mstari zina maana katika Python, na picha huzipindisha. Tuandikie pia uliingiza nini, ulitegemea nini, ukapata nini. Bei tunakutajia kabla ya kuanza. Kazi ya shule hatukuandikii, ila tutakaa nawe mpaka ulione kosa mwenyewe. Na wazazi mnaouliza kama mtoto anahitaji mashine mpya kwa ajili ya michezo hii: hapana, hiyo aliyonayo inatosha.