Kijana anayebeti haponi kwa kuombewa Jumapili peke yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wachungaji, wazee wa kanisa na vijana wa Kikristo juu ya kubeti. Mahubiri ya kukemea tunayo ya kutosha, na kijana anayetoka mbele kuombewa analia kweli. Lakini ikifika Jumatano usiku, mechi za Ulaya zikikaribia kuanza saa nne au saa tano, mkeka, yaani orodha ya mechi alizobashiri na kuziwekea fedha, umeshawekwa. Waumini wanasema imani yake haba. Nadhani wanamwonea. Imani anayo, ila ameambiwa aitumie dakika ya mwisho, wakati kidole kiko juu ya kitufe.

Yakobo 1:14-15 inaeleza kwamba dhambi ina mfuatano: mtu huvutwa na tamaa yake, tamaa huchukua mimba, kisha huzaa. Kwa anayebeti mfuatano huo unaonekana kwa macho. Ujumbe wa bonasi unaingia. Anafungua programu aangalie odi tu, yaani namba inayozidishwa na dau kupata malipo ya mshindi. Anachagua timu. Analipa. Mwanzoni kukata ni rahisi, kwani ujumbe usiofika haumvuti mtu. Mwishoni ni kazi ngumu mno, maana fedha imo ndani ya simu ileile na hakuna hata hatua kumi za kutembea ambazo zingempa nafasi ya kufikiri. Juhudi yote, pamoja na maombi, ielekezwe mwanzoni.

Katika 1 Wakorintho 10:13 Paulo anaahidi mlango wa kutokea. Mlango hupitwa kwa miguu. Yusufu alimwachia mke wa Potifa vazi mkononi akakimbia. Hakubaki chumbani kuomba nguvu. Kwa mwenye simu, kukimbia kuna utaratibu wake, na utaratibu huo ukikosewa kazi yote inaharibika. Akae mchana mmoja na mtu anayemwamini. Atoe salio lililobaki, apige simu huduma kwa wateja ya kila kampuni aliyojisajili, aombe akaunti ifungwe kabisa, asikubali kusimamishiwa kwa wiki moja. Hapo ndipo afute programu. Wengi huanza kwa kufuta, akaunti ikabaki hai, na usiku huohuo dakika chache zinatosha kuipakua upya na kuingia kwa nywila ileile. Azuie namba zinazotuma matangazo. Halafu ajitoe kwenye magrupu ya WhatsApp na Telegram yanayogawa mikeka ya uhakika. Hili la magrupu husahaulika, nalo ndilo linalomrudisha mtu baada ya mwezi wa utulivu.

Fedha nayo ihamishwe. Dereva wa bodaboda anashinda na hesabu ya bosi ndani ya simu, pamoja na ya mafuta na ya chakula, na jioni anakuta macho yake yamechoka na salio limejaa. Ampe mkewe au mweka hazina kila siku kabla ya saa mbili usiku. Kikoba chenye sanduku la kufuli tatu, funguo zikiwa kwa watu watatu tofauti, kinamlinda kuliko ahadi yoyote aliyoitoa kanisani, kwa sababu hawezi kulifungua peke yake saa tano usiku.

Vijana waelezwe pia hesabu, kwa kuwa wengi wanaamini wanakosa kwa bahati mbaya. Chukua dau la pande mbili zenye nafasi sawa, kampuni ikitoa odi ya 1.90 kila upande. Mmoja akiweka 1,000 huku na mwenzake 1,000 kule, zimeingia 2,000, anayeshinda analipwa 1,900. Shilingi 100 zimebaki kwa kampuni, ashinde nani asishinde. Hiyo ni asilimia 5 kwenye chaguo moja. Ukipanga chaguo kumi za namna hiyo katika mkeka mmoja, makato yanazidishana, na kwa wastani kila 1,000 inarudisha kama 600 tu, kabla ya kodi ya ushindi. Hata ukiwa hodari kiasi cha kupatia mechi saba katika kila kumi, mkeka wa mechi kumi utatiki, yaani utashinda, mara 3 hivi katika 100. Ndiyo maana mkeka huchanwa, yaani hupotea wote, na timu moja. Kijana anaona alikosa kidogo tu, kesho anarudi kutafuta fedha yake, mara nyingi kwa mkopo wa simu. Hakuna hatua inayomaliza watu kama hiyo ya kurudisha kilichopotea.

Sasa maombi yenyewe. Bwana Yesu jangwani alijibu mara tatu, na majibu yote matatu yametoka Kumbukumbu la Torati: 8:3, 6:16 na 6:13. Kila andiko lilijibu jaribu lake hasa, na alikuwa nayo moyoni tayari. Vivyo hivyo kijana achague aya mbili au tatu fupi zinazogusa kubeti, kwa mfano Mithali 13:11 juu ya mali ya haraka inayopungua, azikariri mpaka zitoke bila kufungua Biblia, hasa kama Biblia yake imo ndani ya simu. Hamu ikipanda aiseme aya kwa sauti, aiache simu ndani, atoke nje akazungumze na mtu. Hamu isiyolishwa kwa kawaida hulegea ndani ya nusu saa.

Kufunga nako kunahitaji busara. Mathayo anasema mjaribu alikuja Yesu alipokuwa na njaa. Kijana akifunga Jumamosi, akashinda juani, akarudi jioni peke yake kwenye mechi, amejidhoofisha saa ileile anayohitaji nguvu. Afunge Jumatatu, tena pamoja na wenzake. Na yule anayeuombea mkeka, au kumwahidi Mungu fungu la kumi la ushindi, aambiwe wazi kwamba hapo anamjaribu Bwana, jambo ambalo Kumbukumbu 6:16 imelikataza.

Yakobo 5:16 inataka tuungame sisi kwa sisi. Amteue mtu mmoja wa kumwonyesha taarifa ya miamala ya simu kila Jumatatu, maana maneno ya mdomoni hupambwa. Asiwe anayebeti, asiwe anayemdai, wala asiwe mchungaji mwenye waumini mia nane. Akianguka, aseme siku ileile kabla hajaanza kutafuta kuirudisha. Anayepokea habari hiyo ajizuie kuhubiri. Aulize ujumbe uliingilia wapi, na fedha ilipatikanaje, kisha wazibe hapo.

Kwa viongozi wa makanisa nina ombi la ratiba. Mechi nyingi za Jumamosi za Ligi Kuu ya Uingereza huanza saa 11 jioni kwa saa zetu, na saa 12 baada ya wenzetu kurudisha saa nyuma mwishoni mwa Oktoba. Mazoezi ya kwaya, mpira wa vijana uwanjani au kutembelea wagonjwa viwekwe kuanzia saa kumi mpaka saa moja usiku siku hiyo, badala ya Jumapili mchana ambako tayari wako kanisani. Na kila jumuiya itoe watu wazima wawili au watatu, wanaume kwa wanawake, wenye siri na subira, wa kukaa na vijana hao na taarifa zao za miamala kila Jumatatu.

Mzee wa kanisa,
Morogoro